Utu, haki, tabia au matokeo: kuruta wa polisi afundishwe maadili kwa msingi upi?

Kuruta aliyeamshwa saa kumi ya usiku, akakimbia mchakamchaka, akapigishwa kwata hadi jua likafika utosini, kisha akashiba ugali na maharage, ukimweka darasani saa nane mchana chini ya bati na kumwambia leo tunasoma falsafa, atasinzia. Nimewaona. Nilifundisha makuruta kwa miaka kadhaa, na walikuwa na ufundi wao: mgongo wima, viganja juu ya magoti, daftari wazi, macho yamefumba kabisa. Sikuwalaumu.

Siku moja kijana wa safu ya nyuma alisimama, akabana mikono ubavuni kama yuko gwarideni, akauliza: "Mwalimu, tumemkamata mtu, tunajua kamficha mtoto, hataki kusema. Afande ananiambia nimtie adabu kidogo aseme. Nifanyeje?"

Darasa zima likaamka. Swali lilitoka kwenye hofu ya kweli, na wote walikuwa nayo.

Masomo ya insia, yaani falsafa, historia, fasihi na maadili, yamo kwa kiasi fulani katika vyuo vya polisi vya nchi nyingi. Tatizo ni kwamba hurundikwa pamoja bila mtu kuuliza yamesimama juu ya nini. Mwandaaji wa mtaala huchota kifungu cha katiba hapa, methali pale, na jina la Mgiriki wa kale kule, na kuruta anatoka na notsi za kukariri. Ndiyo maana naiweka hapa misingi minne ubavu kwa ubavu, na kila mmoja nauuliza swali la yule kijana. Nawaandikia wakufunzi, na wale wanaokaa kwenye kamati za mitaala, ambao hawawezi kukwepa kuamua upi utangulie.

Swali ambalo limeshatokea

Kisa cha kupimia kipo, na si cha kubuni. Mwishoni mwa Septemba 2002, jijini Frankfurt, Ujerumani, mtoto wa miaka 11 kutoka familia ya wenye benki alitekwa. Mtekaji alidai euro milioni moja, akalipwa, akakamatwa. Kituoni akawa anazungusha maneno. Asubuhi ya Oktoba 1, naibu mkuu wa polisi wa jiji hilo, Wolfgang Daschner, aliamuru mtuhumiwa aambiwe kwamba atapewa maumivu makali asipotaja mtoto alipo. Kitisho kikatosha, naye baada ya muda mfupi akasema. Polisi walipofika walikuta maiti: mtoto alikuwa ameuawa siku ileile aliyotekwa.

Daschner hakuficha kitu. Aliandika mwenyewe kwenye jalada kile alichoamuru. Desemba 2004 mahakama ilimtia hatiani pamoja na ofisa aliyetekeleza, lakini ikawapa onyo na faini ambayo wangeilipa tu wakirudia kosa. Mtekaji alikuwa amekwisha kufungwa maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba kitisho kile kilikuwa kumtendea mtu kinyama, na kwamba katazo la kutesa halina mlango wa nyuma hata maisha ya mtoto yakiwa hatarini.

Nimekisimulia kisa hiki darasani mara nyingi. Nikifika pale polisi wanapokuta maiti, kunakuwa kimya. Kabla ya hapo nusu ya darasa huwa upande wa Daschner, na baada ya hapo wengi wao hubaki upandeni mwake, ila hawana tena uhakika ni kwa nini.

Matokeo: msingi usioandikwa popote

Naanza na huu kwa sababu ndio unaotawala vituo vyetu bila kutajwa katika mtaala wowote. Unasema jambo ni jema likiwaletea wengi manufaa makubwa kuliko madhara. Wenyewe wakubwa ni Waingereza Jeremy Bentham na John Stuart Mill, na ukoo wake na kazi ya polisi ni wa karibu. Patrick Colquhoun, aliyesaidia kuanzisha polisi wa Mto Thames mwaka 1798, alikuwa mtu wa karibu wa Bentham. Polisi wa London walioanzishwa na Robert Peel mwaka 1829 waliambiwa tangu mwanzo kwamba kazi yao kuu ni kuzuia uhalifu, si kuadhibu. Wazo hilo ni la matokeo tupu, na ni zuri.

Ubaya wake unaanza pale kituo kinapopimwa kwa idadi: wangapi wamekamatwa wiki hii, kesi ngapi zimefika mahakamani. Hapo ndipo kubambikia watu kesi kunapozaliwa. Hakuna mkufunzi aliyewahi kufundisha namna ya kumwekea kijana kete ya bangi mfukoni. Hesabu ya mwisho wa mwezi ndiyo mwalimu.

Kwa swali la kijana wetu, msingi huu hujibu haraka: mtoto mmoja mzima dhidi ya maumivu ya dakika tano ya mhalifu mmoja, hesabu iko wazi. Lakini ofisa hafanyi hesabu hiyo akiwa na namba zote mkononi. Daschner aliamini anamwokoa mtoto aliye hai. Tena mlango huo ukifunguliwa kwa ajili ya mtoto, hautafungwa ikija simu iliyoibwa sokoni. Mtu yeyote aliyekaa kituoni usiku anajua simu zilizoibwa ni nyingi kuliko watoto waliotekwa.

Hata hivyo usiutupe. Utumie kuwashawishi wale wasioshawishika na maneno ya heshima ya binadamu. Uingereza ililipa gharama kubwa kujifunza kwamba kumbana mtu mpaka akiri huleta uongo: watu wanne waliofungwa kwa mabomu ya Guildford waliachiwa mwaka 1989, na sita wa Birmingham mwaka 1991, wote wakiwa wamekaa gerezani zaidi ya miaka kumi kwa makosa yasiyo yao. Miaka hiyo ya mwanzo wa 1990 ndipo polisi wao walipobadili namna ya kuhoji, kutoka kutafuta ungamo hadi kutafuta habari. Mpe kuruta kisa hicho na umuulize: wakati hawa kumi wako ndani, waliotega mabomu walikuwa wapi? Mpelelezi wa kweli huumwa na swali hilo.

Haki na wajibu: uzio ulionyooka

Msingi wa pili unakataa kuanza na hesabu. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant alisema mtu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Mtu ana hadhi, na hadhi haina bei. Lugha ya haki za binadamu tunayoisikia leo imekula sana kwenye meza hiyo.

Mahali polisi walipojengwa upya juu ya msingi huu ni Ireland Kaskazini. Tume iliyoongozwa na Chris Patten ilitoa mapendekezo 175 mwaka 1999, ikitaka haki za binadamu ziwe kiini cha kazi na mafunzo, si somo la pembeni. Mwaka 2001 polisi wa zamani walipewa jina jipya, nembo mpya na kiapo kipya. Kwetu mfano ulio karibu ni Kenya. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, zaidi ya theluthi moja kwa risasi. Katiba ya 2010 ikajibu. Ibara ya 244 inaitaka huduma ya polisi iwafundishe watumishi wake kuwa na uwezo na uadilifu wa hali ya juu, na kuheshimu haki, uhuru na utu wa watu. Kumbuka hapo mafunzo yenyewe yamekuwa takwa la katiba. Tanzania nayo ina maneno mazito kwenye ibara ya 13(6): mtu asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika, na heshima yake itunzwe katika shughuli zote za upelelezi. Zote. Hata ile ya saa tisa usiku wakati mkuu wa kituo kalala.

Faida ya msingi huu ni kwamba hauyumbi. Kijana akiuliza nifanyeje, jibu ni hapana. Na akiuliza je, afande akiamuru, kuna jibu la maandishi: Jedwali la Sita la sheria ya polisi ya Kenya ya 2011 linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Mtihani wake ni rahisi kutunga na kusahihisha, na hauna upendeleo wa dini wala kabila.

Tatizo nimeliona kwa macho. Ukifundishwa peke yake, unageuka wimbo. Kuruta anakariri ibara kama alivyokariri majina ya sehemu za bunduki, anapata alama tisini, na akifika kituoni anasema haki za binadamu zimeletwa kuwalinda wezi. Hajaukataa uzio huo. Hajawahi kuona tu kwamba yeye mwenyewe yuko ndani yake. Nilipoanza somo kwa kuwauliza wao walivyotendewa na mtu mwenye mamlaka, mwalimu, mgambo, baba wa kambo, askari wa barabarani, wakasimulia hadi muda ukaisha. Ibara tulizisoma kesho yake, na zilikuwa na damu.

Tabia: gwaride tayari linaufundisha

Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa kale, hakuanza na kanuni. Aliuliza mtu mwema huwaje, akajibu kwamba huwa hivyo kwa mazoea. Unakuwa jasiri kwa kutenda ya kijasiri, mpaka ujasiri unakuwa ngozi yako. Na kila sifa njema imekaa kati ya mabaya mawili: ujasiri uko kati ya woga na ujuba. Somo hili makuruta wanalielewa upesi, kwa sababu gwaride ndivyo linavyofanya kazi. Hakuna aliyezaliwa anajua kugeuka nyuma kwa hatua moja. Wanarudia mpaka mguu unajua wenyewe.

Sioni aibu kulisifu gwaride. Baadhi ya wanaharakati hulidharau kana kwamba ni ukatili mtupu, na hawajui lilivyo na uwezo wa kumfundisha mtu kujizuia. Askari aliyezoea kungoja amri ndiye atakayeweza kusimama mbele ya umati unaomtukana bila kuinua kirungu.

Swali ni mazoea ya nini. Ukiwa na msingi huu, huwezi kulitenga somo la maadili na maisha ya chuo. Kuruta anayetukanwa mama yake, anayegaragazwa tope kwa kuwachekesha wakubwa, anafundishwa namna mwenye nguvu anavyomtendea asiye na nguvu. Hilo analielewa kuliko mihadhara yangu yote. Siku akikabidhiwa mahabusu, atakuwa na mtu wa kumfanyia zoezi.

Jambo la pili ni muda. Norway na Finland humsomesha polisi miaka mitatu hadi digrii ya kwanza, na Ujerumani karibu hivyo hivyo, wakipishanisha darasa na kazi ya kituoni chini ya mlezi. Tabia huota kwa mwendo huo. Sisi tunahesabu miezi. Kisha kijana anapangiwa kituo, na siku ya kwanza askari mkongwe anamwambia maneno ambayo nadhani yanasemwa duniani kote: sahau ya depo, yaani ya chuoni. Atakayeuchagua msingi wa tabia na asichague pia walezi wa vituoni atakuwa amemwaga maji mchangani.

Na kuna hatari kubwa zaidi, ambayo Wajerumani wanaijua kuliko wengine. Julai 13, 1942, katika kijiji cha Józefów nchini Poland, kikosi cha polisi wa akiba cha 101 kutoka Hamburg kiliamriwa kuwaua Wayahudi wa hapo. Wengi wa askari hao walikuwa watu wazima wenye familia, wafanyakazi wa bandarini na madereva. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, huku akilengwa na machozi, aliwaambia wazee miongoni mwao kwamba asiyejiweza kwa kazi hiyo anaweza kujitoa. Kati ya wanaume kama 500, waliojitoa pale pale walikuwa dazeni hivi. Hawakuadhibiwa. Jioni watu wapatao 1,500 walikuwa wameuawa.

Nidhamu ilikuwepo, na uaminifu kwa wenzao, na kutomwachia mwenzako mzigo. Zote ni tabia ambazo depo linazisifu. Mjini Münster ipo nyumba iitwayo Villa ten Hompel, iliyokuwa ofisi ya polisi wa utawala wa Wanazi, na leo polisi huingia humo kujifunza yaliyoamriwa kutoka kwenye vyumba vile vile. Marekani nako, tangu mwaka 1999, polisi wa Washington wamekuwa wakipelekwa kwenye makumbusho ya mauaji ya Wayahudi kwa sababu hiyo hiyo. Historia hapo inamwonyesha askari kwamba tabia njema bila swali la "kwa ajili ya nani" inaweza kubeba lolote.

Sisi tuna historia yetu ya kuingiza kwenye chumba kama hicho. Polisi wa makoloni ya Waingereza hawakuumbwa sana kwa mfano wa London. Waliumbwa kwa mfano wa Ireland: wenye silaha, wanaokaa kambini mbali na wananchi, wanaowajibika kwa mtawala. Kuruta akilijua hilo hashangai tena kwa nini bibi kijijini akiona sare anafunga mlango, na kwa nini neno "jeshi" linabishaniwa. Kenya ililitoa jina la jeshi ikaweka huduma. Tanzania, tume ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mwaka 2023 nasi tufanye vivyo hivyo. Mabadiliko ya jina peke yake hayamfundishi mtu kitu, lakini kuruta anayejua kwa nini yanadaiwa ameshaelimika.

Utu: wa kwetu, na wenye mtego wake

Nimeuacha mwisho kwa sababu ndio ninaoupenda, na kwa sababu hiyo nataka kuukagua kuliko mingine.

Afrika Kusini iliuweka ubuntu, yaani utu, kwenye maneno ya mwisho ya katiba yake ya mpito ya 1993. Mwaka 1995 majaji wa mahakama yake ya katiba wakautaja waziwazi walipoifuta adhabu ya kifo. Kwa Kiswahili tunao tangu zamani: mtu ni watu, mtu ni utu. Kizazi cha wazazi wetu Tanzania kilikariri ahadi za TANU, na mbili kati yake zingetosha kubandikwa juu ya kaunta ya kila kituo: "Binadamu wote ni ndugu zangu" na "Cheo ni dhamana". Neno dhamana pale kaunta lina maana mbili, na sitaki kuzitenganisha. Cheo cha askari ni amana, na mtuhumiwa anayeomba dhamana anaomba kuaminiwa vilevile.

Ubora wa utu ni kwamba hauhitaji kutafsiriwa. Makuruta waliosinzia kwa Kant waliamka kwa utu, kwa sababu walilelewa nao. Wanajua kumsalimia mkubwa, kumpisha mama mjamzito, kutokula mbele ya mwenye njaa. Falsafa wanayo tayari. Kazi ya mkufunzi ni kuwakumbusha wasiivue pamoja na nguo za kiraia.

Mtego wa kwanza unajulikana: undugu. Utu wa "mwenzetu" unaweza kumfungulia mlango mtoto wa shangazi na kumfungia mgeni. Mtego wa pili umo ndani ya lugha yenyewe, na sijauona ukisemwa vya kutosha. Kiswahili kinaruhusu mtu apoteze utu. Tunasema "yule hana utu", "huyo si mtu, ni mnyama". Basi akiletwa aliyembaka mtoto, au jambazi aliyeua mlinzi, lugha yenyewe inatufungulia njia: kama si mtu, ya nini kumtendea kama mtu? Hapo msingi tuliouita wetu unageuka ruhusa ya kupiga. Kant hana tundu hilo, kwa kuwa hadhi yake haipotei kwa kosa lolote. Utu wetu, ukiachwa ulivyo barabarani, unapotea.

Nilihangaika na jambo hili muda mrefu. Aliyenisaidia hakuwa kitabu, alikuwa mama lishe aliyeuza chakula nje ya kituo kimoja. Kila siku alimpelekea chai mahabusu mmoja ambaye mji mzima ulimchukia, na ndugu zake walikuwa wamemsusa. Askari wakamuuliza kwa nini anamhangaikia mtu asiye na utu. Akajibu huku anafuta vikombe: "Utu ni wangu, baba. Yeye wake atajua mwenyewe."

Ndiyo namna ninayoufundisha tangu siku hiyo. Utu unaoulizwa pale kaunta si wa aliyekamatwa, ni wa aliyevaa sare. Humtendei kwa utu kwa sababu anao. Unamtendea hivyo kwa sababu wewe unao na hutaki kuuacha pale sakafuni. Ukiugeuza namna hiyo, utu unashikana mkono na Aristotle, kwa kuwa unakuwa sifa ya mtenda, na unaziba tundu ambalo Kant alilikwepa.

Lakini usidhani neno linatosha. Afrika Kusini, baada ya maneno yote mazuri ya 1993 na 1995, iliondoa vyeo vya kijeshi polisi, kisha ikavirudisha mwaka 2010. Agosti 16, 2012, huko Marikana, polisi waliwaua wachimbaji migodi 34. Mahakama ilikuwa na ubuntu. Kikosi kilichotumwa siku ile kilikuwa na bunduki za kivita.

Basi uchague upi?

Naombwa jibu hili mara kwa mara, na natoa jibu tofauti kwa mtu tofauti.

Kama una saa ishirini tu katika kozi nzima, na wakufunzi wako ni askari wasiosomea falsafa, chukua haki na wajibu. Usijaribu kujenga tabia kwa saa ishirini. Weka uzio, uweke imara, tumia visa vya kweli, na umalize kwa suala la amri haramu. Ni afadhali kijana atoke na "hapana" tatu anazozielewa kuliko hadithi kumi nzuri.

Kama una mwaka na zaidi, na unaweza kuchagua mwenyewe walezi wa vituoni, anza na utu kama nilivyoueleza, ufundishe kwa njia ya tabia, kwa mazoezi na si kwa mihadhara, na haki ziwe ukingo wa barabara. Huu ndio mpangilio ninaouamini kwa vyuo vyetu. Unaanzia kwenye kitu ambacho kijana anacho, na unaishia kwenye kitu ambacho mahakama inaweza kukisimamia.

Kama tatizo la kituo chenu ni kupiga watu wakati wa mahojiano, usianze na maadili kabisa. Anza na matokeo, na wale kumi wa Guildford na Birmingham. Mpelelezi mkaidi hubadilika akiona anadanganywa kabla hajabadilika kwa kuhubiriwa.

Historia iwemo katika kila mpangilio, hata kama ni saa mbili. Dini pia zina nafasi: Ujerumani wachungaji wa polisi ndio hufundisha sehemu kubwa ya maadili ya kazi, na kwetu masheikh na mapadri husikilizwa kuliko mimi. Sharti ni moja, kwamba aliyekamatwa anaweza kuwa wa dini nyingine au hana, na somo limfikie naye.

Mambo mawili singekubali kwa hali yoyote. La kwanza ni chuo kinachofundisha heshima ya binadamu saa nane mchana na kumdhalilisha kuruta saa kumi na mbili asubuhi. La pili ni kumjibu kijana aliyesimama kuuliza kwa kumwambia akae chini.

Yule wa safu ya nyuma sikumwambia akae. Nilimwita mbele, nikaweka meza katikati iwe kaunta, nikampa kitabu cha matukio. Nikamwita mwenzake awe mtuhumiwa, avue mkanda na viatu, atoe simu na pesa mfukoni. Askari wa mezani akaanza kwa sauti ya kituoni: "Wewe! Unaitwa nani?" Nikamsimamisha. Nikamwomba aanze upya, amsalimie kwanza, amwambie amekamatwa kwa kosa gani, ahesabu pesa mbele yake, ndipo aulize jina. Akarudia mara tatu. Mara ya nne yule mtuhumiwa alitaja jina lake la kijijini, ambalo wenzake wa bweni hawakuwa wakilijua, refu, lenye herufi zinazoteleza. Askari akauliza linaandikwaje. Akaliandika polepole, akamgeuzia kitabu ahakikishe kama limekaa sawa kabla ya kuweka sahihi.